Kanda ya Kihispania Kibarazani kwa Bibi

Baba yangu ameona filamu nyingi maishani mwake, karibu zote akiwa amesimama migombani na panga mkononi, akijitia hamnazo. Televisheni ilikuwa ya baba mdogo, na baba na baba mdogo walikuwa hawasemezani. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri, watu wa kwetu Kirua Vunjo waliotoka misani walipojazana kibarazani kwa baba mdogo, baba naye alikumbuka ghafla kwamba migomba yake ya mpakani ina majani makavu. Aliipogoa mpaka ikabaki uchi. Mama alikuwa akisema hakuna migomba mlima mzima inayotunzwa kama ile.

Mpaka wenyewe ulikuwa uzio wa masale. Kwa asiyetoka mlimani nieleze: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu kisha ukampelekea isale, hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, kosa linahamia kwake, na kijiji kizima kitamshangaa yeye. Baba na baba mdogo walitenganishwa na mamia ya majani ya msamaha, yamejipanga kutoka barabarani hadi kwenye mfereji, na hakuna kati yao aliyenyoosha mkono kuchuma hata moja. Nilipokuwa na hasira nao, na nilikuwa na hasira nao mara nyingi, nilitamani kuutia moto uzio wote.

Ugomvi ulikuwa wa mibuni. Babu alipofariki, kihamba kiligawanywa kama mila inavyotaka. Baba, mtoto wa kwanza, alipewa upande wa juu. Baba mdogo, kitinda mimba, alibaki na nyumba ya wazazi, na ndani yake bibi, na kuizunguka mibuni ya babu. Kisha kahawa ikaanguka bei, watu wakaanza kulima nyanya, na siku moja baba mdogo aling'oa mibuni yote. Baba alikuwa ameibeba miche ile kichwani akiwa mtoto, akimfuata babu kwa nyuma. Alikuja akasimama katikati ya mashimo, akasema mbele ya watu kwamba aliyeng'oa mibuni ya baba yake amekwisha kumng'oa na kaka yake. Baba mdogo, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akajibu kwamba mama yao hawezi kulishwa kumbukumbu. Nyanya zikakubali, baba mdogo akanunua jenereta, televisheni na deki ya video, na baba akaanza kupogoa migomba.

Kila mmoja alikuwa na hoja yake kuhusu isale, na zote mbili zilikuwa hoja nzuri, ndiyo maana hazikutufaa kitu. Baba alisema mkubwa hapeleki isale kwa mdogo, tena yeye ndiye aliyekosewa. Baba mdogo alisema sehemu ni yake kwa mila, akauliza kosa liko wapi. Bibi, aliyewazaa wote wawili, alisema amezaa mawe mawili na sasa anakaa katikati yake akisubiri moja liote miguu.

Yote hayo ningeyavumilia kama yasingenigusa. Lakini nilikuwa nimechumbiwa. Kijana mwenyewe alitoka Mabogini, wazazi wake walishuka zamani kutoka mlimani kufuata mashamba ya mpunga, na walishika mila kwa nguvu kuliko sisi tuliobaki huku juu. Wazee wake walitakiwa kuleta mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi. Mbege hiyo haipokelewi na mtu mmoja. Baba wa binti anakaa benchi moja na ndugu yake, wanakunywa kwenye kata moja, ndipo neno linapokuwa neno. Baba akasema atapokea peke yake. Wazee wa Mabogini wakaleta ujumbe wa adabu kabisa, uliosema kwamba wao hawamimini mbege kwenye nyumba iliyopasuka, watangoja ipone. Walikuwa wakingoja tangu kabla ya masika. Mchumba wangu alikuwa mpole, na upole wake ulianza kunitisha, maana hata mpole huchoka.

Krismasi ile ilipokaribia nilijiambia kwamba mwaka mpya hautanikuta hivi. Sikujua nitafanya nini. Nilijua tu kwamba nitafanya.

Nilikuwa nafanya kazi Moshi mjini, kwenye duka la kuazimisha kanda za video. Maduka ya namna hiyo yalichipuka kama uyoga wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa, na kila moja lilikuwa na kanda zilezile: ngumi za Wachina na machozi ya Wahindi. Nilipanga chumba Njoro, hukohuko mjini, na mwisho wa wiki nilipanda nyumbani na kanda moja au mbili mkobani. Kijijini nilikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara. Nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni nikawasemea waigizaji. Kihindi sikujua, Kichina sikujua, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nilikuwa hodari kwa kazi ile na nililifahamu hilo. Mama anayemkaripia mwanawe anaeleweka kwa mabega yake, na mwanamume anayesema uongo anaeleweka anavyoshika kofia. Mimi nilitia maneno tu.

Kanda ya Kihispania niliipata kwa dada mmoja Mhispania aliyekuwa amekuja kujitolea kwenye zahanati. Alikuwa mteja wetu. Siku anaondoka alipita dukani kuniaga, akaniachia kanda hiyo ya kwao kama zawadi. Nikamwuliza inahusu nini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alinijibu vizuri kuliko jalada lolote.

"Familia," alisema. "Napigana, nakula, nalia, nakula tena."

"Kama kwetu," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo sababu nakupa wewe."

Niliiangalia dukani harakaharaka, huku nikihudumia wateja. Ilikuwa na mama mjane mwenye jiko kubwa, na wana wawili wakubwa wasiopatana. Mkubwa ni mwembamba mwenye masharubu, mdogo ni mnene mwenye kucheka hovyo. Walikuwa wakigombana mezani, watu wengine wakipitisha mkate juu ya vichwa vyao. Wakati mwingine nilicheka peke yangu. Waligombea nini sikujua, na nilipokuwa nairudisha kanda kwenye jalada lake, wazo likanijia: kama sikujua wanagombea nini, basi ni juu yangu kuamua.

Jumapili baada ya Krismasi kibaraza cha baba mdogo kilijaa kuliko siku zote, maana waliokuwa mijini wote walikuwa wamerudi. Televisheni ilitolewa nje kwenye meza, ikafunikwa blanketi kwa juu ili mwanga usiue picha. Jenereta likawekwa nyuma ya banda la ng'ombe lisije likanizidi sauti. Bibi alikaa mbele kabisa, na baba mdogo kwenye kigoda kando yake. Mama, ambaye yeye hakuwa na ugomvi na mtu, alikaa na wanawake wenzake mlangoni. Na ng'ambo ya masale, panga likasikika likikata jani ambalo halikuwapo.

Nikaanza. Nilimpa mama wa Kihispania sauti ya bibi, na watu wakavunjika mbavu, bibi mwenyewe akiwa wa kwanza. Kisha wale ndugu wawili wakaingia jikoni wakitupiana maneno, nami nikatangaza kwa sauti safi kwamba yule mdogo amekata mizeituni ya marehemu baba yao bila kumwambia kaka yake.

Kicheko kikakatika. Baba mdogo akakohoa. Panga nalo likanyamaza.

"Mizeituni ni nini?" bibi akauliza kwa Kichagga.

"Ni kahawa yao," nikamjibu, nikaendelea.

Sikuwaonea huruma. Niliwapa wale Wahispania kila neno nililolisikia nyumbani kwetu tangu mibuni ing'olewe. Mkubwa alisema yeye naye amekwisha kung'olewa. Mdogo alisema mama halishwi kumbukumbu. Midomo ya kwenye skrini ilikubali maneno yale vizuri mno, utadhani yalitungwa kwa ajili yao. Watu walianza kuangaliana. Mama alinitazama kwa jicho la kuniambia nitakipata, na mimi nikamtazama kwa jicho la kumwambia najua.

Sasa nije kwenye tawi, ambalo mimi sikulipanga. Dukani lilinipita, nafikiri nilikuwa nikimtafutia mteja kanda yake. Kwenye filamu ilikuwa Jumapili ya Matawi. Watu walitoka kanisani wakiwa wameshika matawi ya mzeituni, na Wakatoliki wote pale kibarazani wakafurahi kuona kwamba huko nako wanashika Jumapili ile. Wale ndugu wakakutana nje ya kanisa, wakaanza tena. Mkubwa akapaza sauti, akanyoosha kidole, kisha akamtazama mdogo wake. Halafu akamkabidhi tawi lake.

Mdogo akalipokea.

Bibi aliweka mkono kifuani.

"Amempa isale," akasema.

Kibaraza kizima kikashusha pumzi. "Amempa kweli!" "Na ni mkubwa ndiye kaanza!" Mzee mmoja jirani akasema siku zote tunajisifu isale ni letu peke yetu, kumbe Wazungu nao wanalo, ila la kwao lina majani madogo. Mimi nilikuwa nimeikodolea macho skrini, maana pale yule mkubwa alikuwa tayari anajipapasa mifuko.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya masale.

"Isale gani! Amemshikisha tu, anatafuta kiberiti!"

Vichwa vyote vikageuka. Baba alikuwa amesimama wazi kati ya migomba yake iliyo uchi, panga limeganda hewani. Nilibonyeza kitufe, picha ikasimama. Hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu baba mdogo, bila kugeuza shingo, alikuwa amejibu.

"Amempa, kaka. Amepokea, huoni?"

"Kushikishwa si kupewa! Angalia mkono wake uko wapi. Uko mfukoni!"

"Kiberiti ni cha baadaye. Kwanza kampa."

"Kampa nini? Mtu anaomba msamaha na sigara mdomoni?"

"Huko kwao labda ndiyo desturi!"

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Sidhani wao wenyewe walikuwa wametambua. Walikuwa wanagombana kwa sauti kama watoto, na yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu siku ya mashimo. Bibi alifumba macho akawa anawasikiliza tu, mara huyu mara yule.

"Si tumwulize anayejua lugha?" mtu akasema.

Wakanigeukia wote. Baba alikuwa ameona sawasawa. Ile sigara niliiona hata mimi, kilichobaki ni kiberiti. Nikisema hivyo, baba atakuwa ameshinda, na ataondoka na ushindi wake kurudi kwenye migomba. Nikisema ni isale, ataniita mwongo, ataondoka vilevile. Nina akili za haraka, namshukuru Mungu kwa hilo.

"Baba," nikasema, "shikamoo. Kutoka huko huoni vizuri. Njoo karibu, nakurudishia nyuma uone mwenyewe."

Baba akatazama barabarani. Njia ya heshima ilikuwa kuzunguka, kutokea lango lake na kuingia lango la mdogo wake kama mgeni, watu wote wakimhesabia hatua. Niliona hilo linamshinda. Akatazama kibarazani. Kisha akaingia kwenye masale kwa ubavu, panga mkono mmoja na mwingine ukisukuma majani, na mashina yakavunjika kwa kishindo. Alipotokea upande wa pili, alikuwa na vumbi kichwani na jani moja refu limebaki kiganjani.

Akamsalimu bibi. Akaegemeza panga kwenye nguzo. Akaja akasimama kando ya kigoda cha baba mdogo, wote wawili wakitazama mbele.

"Rudisha," akaniamuru.

Nikarudisha. Watu wa Uhispania wakaingia kanisani kinyumenyume, wakatoka tena, wakaanza kugombana tena. Yule mkubwa akanyoosha kidole. Na hapo, kabla tawi halijatolewa, baba akamgeukia mdogo wake, akamnyooshea jani lile.

"Hebu shika hili," akasema. "Nifute miwani."

Baba mdogo akashika.

Baba alitoa miwani kwenye mfuko wa shati, akaanza kuifuta kwa pindo, upande huu, upande ule, taratibu kabisa. Hakuna aliyekuwa anaangalia televisheni. Yule Mhispania alipata kiberiti chake, akawasha sigara, akavuta, hakuna aliyemjali. Baba mdogo alikuwa anatazama jani lililo mkononi mwake. Aliligeuza, akaligeuza tena.

"Umepokea," bibi akamwambia.

"Nimepokea, mama."

"Mimi nafuta miwani tu," baba akasema.

"Futa, kaka." Sauti ya baba mdogo ilikuwa ikikwaruza. "Futa taratibu."

Akasimama, akampisha baba kigoda chake, naye akaketi chini, kwenye sakafu ya kibaraza chake mwenyewe. Nililia pale pale, mbele ya watu, mkono wangu ukiwa bado kwenye deki. Nilikuwa nimewachukia wanaume wale wawili kwa muda mrefu, na sasa niliwapenda kwa nguvu iliyoniuma kifua.

Jinsi filamu ile inavyokwisha sijui mpaka leo. Waliitaka sehemu ya tawi irudiwe, kisha irudiwe tena, baba akionyesha mfuko na baba mdogo akionyesha mkono, na wazee wa kijiji wakatoa ushahidi pande zote, mpaka deki ikakasirika ikala mkanda. Tuliuvuta ukatoka kama utumbo wa kuku. Mwenye duka hakuwa na la kusema, maana kanda ilikuwa yangu. Kama yule dada angekuwepo nadhani angeridhika, kwa sababu baada ya hapo baba mdogo alichinja mbuzi, tukala, na wakati wa kugawana nyama wakagombana kuhusu kidari.

Wazee wa Mabogini walikuja mwezi wa kwanza. Baba na baba mdogo walikaa benchi moja, wakanywa kwenye kata moja, na neno likawa neno. Nilikuwa jikoni nikichungulia, na nilimwona mchumba wangu akihesabu kwa macho wanaume walioko kwenye benchi, kisha akashusha mabega. Bibi aliishi kuona watoto wangu wawili. Pale baba alipopasua uzio hapakuzibwa. Pakawa njia, na baadaye baba mdogo akapaweka mawe ili watu wasiteleze wakati wa mvua.

Ubishi haukuisha. Kila Krismasi tukishakula, baba mdogo huinua kidole kuonyesha jani kavu alilolichomeka juu ya mlango, na kusema kwamba hilo ndilo isale alilopewa na kaka yake mbele ya mashahidi. Baba huapa kwamba hakumpa mtu kitu, alimshikisha tu, kama yule Mhispania. Huniita mimi niamue, na mimi husema kanda ililiwa na deki. Wanacheka wote wawili, na nimekwisha kuelewa kwamba wanahitaji iwe hivyo. Mmoja aliombwa msamaha, mwenzake hakuomba, na wote wamepona.

Lakini miwani ile naijua. Nilikuwa naye hospitalini alipopimwa. Ilikuwa ya kusomea. Kanisani aliivaa kwa kitabu cha nyimbo, na padre alipoanza kuhubiri aliivua, kwa sababu akiwa nayo altare nzima ilimpotea. Na hata bila kuijua miwani, nilikuwa pale, nilisikia kwa masikio yangu. Mtu aliyeuona mkono wa Mhispania ukiingia mfukoni, akiwa amesimama migombani ng'ambo ya masale, hakuwa na sababu yoyote ya kufuta miwani.